DAMU YA SHUJAA NI YA NANI?

Wapo wasemao kwamba mtu wa koloni aliyekufa vitani akiitumikia serikali ya kigeni hastahiki kukumbukwa, kwani aliiuza roho yake kwa mshahara. Na wapo wasemao kwamba kufa kwake ni ushahidi kuwa aliridhia kutawaliwa. Sisi twaona makundi yote mawili yamepotea njia, na hoja yetu ni Abdul Hafiz.

Huyu alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Kalanaur, wilaya ya Rohtak katika Bara Hindi, askari wa Rejimenti ya 9 ya Jat. Cheo chake kilikuwa jemadar. Kwetu sisi jemadari ni mkuu wa majeshi. Katika jeshi la Waingereza huko Hindi lilikuwa daraja la chini kabisa la maafisa wenyeji, na juu yao wote alikaa afisa wa Kiingereza, hata aliyeanza kazi jana.

Tarehe 6 Aprili 1944, kaskazini ya mji wa Imphal, Wajapani walikuwa juu ya kilima kilichotazama ngome ya wenziwe, naye akaamriwa kukitwaa. Mteremko ulikuwa mtupu, na mwisho wake jabali lililosimama. Akapanda mbele ya watu wake, risasi zikiwashukia. Akapigwa mguuni, asirudi. Akaukamata kwa mikono mtutu wa bombomu, mwenziwe akamuua mpigaji. Kisha akatwaa bunduki ya Bren ya askari aliyejeruhiwa, akawafuatia adui waliokuwa wakikimbia, hata akapigwa kifuani. Naye akikata roho, aliishika bado bunduki ile, akiwaambia watu wake wajipange upya, yeye atawakinga.

Ewe msomaji, zingatia: saa ile fikira yake ilikuwa kwa wenziwe.

Waingereza wakamtunuku, naye keshakufa, nishani yao kubwa kabisa ya vita, Msalaba wa Victoria. Lakini uhuru wa nchi yake ulingoja mpaka mwaka 1947. Na mwaka huo Hindi ikagawanyika, Waislamu wa Rohtak wakahamia Pakistan kwa maelfu, kaburi lake likabaki Imphal.

Nao askari wa Afrika Mashariki, wa Divisheni ya 11, mwaka ule ule wa 1944 waliteremka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani hao hao, na mwezi wa Desemba wakautwaa mji wa Kalewa huko Burma. Wapo waliolala huko moja kwa moja. Hukumu yao na ya Abdul Hafiz ni moja.

Ushujaa ni mali ya mwenyewe. Mtawala hana haki ya kuufanya hati ya utawala wake, wala sisi hatuna ruhusa ya kuutupa kwa ajili ya aliyeutumia. Tena sifa si malipo: aliyepokea damu ya watu akawazuilia haki yao, deni lake halifutwi kwa kipande cha shaba.

Mola awarehemu wote.