TUWEKE BAWABU MLANGONI: MATANGAZO YA INTANETI NA MALEZI YA WATOTO WETU

 

Ramadhani moja, baada ya futari, binti yetu mwenye umri wa miaka 8 alichukua simu ya mama yake ili atazame wakati wa Isha. Ukurasa wa nyakati za sala ulipofunguka, katikati yake palikuwa na picha yenye rangi za kumetameta inayomwalika aweke mkeka ajishindie fedha. Akatugeukia akauliza, "Baba, mkeka huu ni kama ule wa chuoni?"

Tulinyamaza. Mtoto huyu anaujua mkeka mmoja tu, ule anaoukalia akisoma juzuu yake. Wenye kamari wamelichukua neno hilo, wakalifanya jina la karatasi ya kubahatishia matokeo ya mpira, na sasa wanamletea mtoto ndani ya ukurasa wa sala. Kamari ni haramu, na hilo halina mjadala baina yetu. Swali ni hili: nani aliyeifungulia mlango ikaingia hadi sebuleni kwetu?

Hatuandiki haya kuilaumu intaneti. Watoto wetu wanaitumia kwa masomo ya skuli, na sisi tunaitumia kwa kazi na kwa kujuliana hali na ndugu walio mbali. Rai yetu ni kwamba kila nyumba yenye intaneti ya ruta iweke bawabu wa kuzuia matangazo kwa vyombo vyote vya nyumba, na imweke kwa uwazi, watoto wakijua na wakishiriki.

TANGAZO HUINGIAJE?

Kila mahali katika intaneti pana jina tunalolisoma sisi, na nambari inayofahamika na mashine. Kazi ya kutafuta nambari ya jina hufanywa na mfumo uitwao DNS, ambao Paul Mockapetris wa Marekani aliubuni mwaka 1983. Mfumo huu ni mithili ya mzee aliyekaa barazani mwanzo wa mtaa. Mgeni akifika humuuliza, "Kwa fulani ni wapi?" naye humwelekeza.

Simu inapofungua ukurasa mmoja haiulizi jina la ukurasa ule peke yake. Huuliza pia majina ya wauza matangazo, na ya wale wanaofuatilia tunasoma nini na tunapenda nini. Mara nyingi nafasi ya tangazo hunadiwa papo hapo ukurasa unapofunguka, na mwenye ukurasa huenda asijue ni tangazo gani limeonekana kwa mtoto wako.

Bawabu tunayemsema ni mzee wa barazani aliyepewa orodha ya majina ya watu hao. Akiulizwa jina lililomo katika orodha, hujibu 0.0.0.0, yaani hakuna mahali pa kwenda. Simu haiendi, tangazo haliji, na kifurushi hakiliwi na kitu ambacho hatukukiomba. Na kwa kuwa simu, kompyuta na televisheni zote za nyumbani huuliza kwa mzee mmoja, hakuna haja ya kuweka programu katika kila chombo.

NAMNA YA KUMWEKA

Zipo njia mbili.

1. Njia nyepesi, isiyo na gharama. Tazama chini ya ruta yako, utaona anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na neno la siri la kuingilia. Iandike anwani hiyo katika kompyuta iliyounganishwa na ruta, kisha tafuta sehemu ya DNS. Andika 94.140.14.15 na 94.140.15.16, hifadhi, kisha izime ruta na kuiwasha tena. Nambari hizi ni za huduma ya familia ya AdGuard, inayozuia matangazo, wafuatiliaji na kurasa za uchafu. Wakati ungali humo, badilisha na neno la siri la ruta, maana lililoandikwa chini yake linasomwa na kila anayeigeuza.

2. Njia ya kuwa na bawabu wako mwenyewe. Chukua kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, au kompyuta kuukuu iliyolala kabatini, uweke ndani yake programu ya bure ya Pi-hole au AdGuard Home. Ipe kompyuta hiyo anwani isiyobadilika, kisha iambie ruta ivielekeze vyombo vyote kwake. Hapa unaweza kuongeza mwenyewe majina ya kurasa za kamari, na kuruhusu jina lililozuiwa kimakosa. Ila fahamu kwamba kompyuta hiyo ikizimika, nyumba nzima itadhani intaneti imekatika, kwa sababu hakuna wa kuelekeza njia.

MIPAKA YAKE

Tusidanganyane. Bawabu huyu hazuii matangazo yaliyomo ndani ya video za YouTube, kwa sababu yanatoka katika majina yale yale yanayoleta video yenyewe. Wala hana uwezo juu ya simu inayotumia kifurushi chake badala ya ruta ya nyumbani. Mtoto akitaka kumkwepa, kidole kimoja kinatosha. Ndiyo maana tunasema bawabu asiyekuwa na ridhaa ya watoto ni bawabu wa jina tu.

Hili tulijifunza kwa aibu. Bawabu wa njia ya pili huweka daftari: chombo gani kimeuliza jina gani, na saa ngapi. Wiki ya kwanza tulilisoma daftari hilo kila siku. Tukaona jina tusilolipenda limeulizwa usiku wa manane kutoka simu ya kijana wetu wa miaka 16, tukamhoji mbele ya wadogo zake. Kumbe jina lile liliulizwa na mchezo uliomo ndani ya simu, wenyewe, naye akiwa amelala. Alituambia maneno machache tu: "Kumbe mnanichungulia? Si mngeniuliza?" Tangu siku ile akawa ananunua kifurushi chake na ruta yetu haigusi.

Dini yetu imetukataza kupelelezana, na katazo hilo halikuwatoa wazazi. Kulinda ni wajibu wetu. Kudhania vibaya kisha kumfedhehesha mtoto mbele za watu si ulinzi. Tulimwomba msamaha mbele ya wadogo zake wale wale, tukalizima daftari, kwani programu zenyewe zinaruhusu kulizima. Kisha tukamkabidhi kazi ya kumwangalia bawabu. Leo yeye ndiye anayeirekebisha orodha, na dada yake mdogo akiona tangazo limepenya humkimbilia yeye.

HAKI YA WENYE KURASA

Wapo watakaosema kwamba wenye kurasa wanaishi kwa matangazo, na kuyazuia ni kuwadhulumu. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini mwenye nyumba ana haki ya kuchagua nani aingie kwake. Na ukurasa wenye manufaa, ambao matangazo yake ni ya heshima, tunaweza kuuruhusu kwa kuliondoa jina la matangazo yake katika orodha, au tukawachangia wenyewe kile tunachoweza. Nyumbani kwetu tumeruhusu kadhaa kwa mtindo huo, na watoto ndio waliozichagua.

Ndugu wazazi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya ruta haimalizi saa moja. Kazi ya kukaa na watoto, kuwaeleza kwa nini tunauziba ufa huu na kusikiliza wanachosema, ndiyo itakayochukua miaka, na hiyo hakuna kompyuta ya kutufanyia.

Nanyi wanafunzi wapenzi, wengi wenu mnavijua vyombo hivi kuliko sisi. Msingoje wazazi waanze. Mwombeni baba au mama ruhusa mwishoni mwa wiki hii, kaeni pamoja mbele ya ruta, mfundishane. Elimu mliyo nayo ni amana, na nyumba ya kwanza kufaidika nayo iwe yenu.

Wabillahi Tawfiq.