Na 12 je?
Mwalimu wetu wa sekondari alisema namba ikigawanyika kwa 4 na kwa 6, lazima igawanyike kwa 24. Nikauliza, na 12 je? Nikatolewa nje ya darasa.

Wasee, hii kukaririshana sheria bila kuelewa ndiyo inatumaliza! Vunja namba hadi ubaki na namba tasa: 4 ni 2×2, 6 ni 2×3, 24 ni 2×2×2×3. Ile 2 ya 6 tayari iko ndani ya 4, huwezi kuihesabu mara mbili. Sasa 2 ya tatu itatoka wapi? Ukitaka 24, pima kwa 8 na kwa 3.

Najua mtaandika “si uliacha chuo?” Niliacha, ndiyo. Aliyenitoa nje alikuwa na digrii.