Roho Yako na Roho ya Mwenzako



Wapenzi wasomaji, mwezi huu tunakusudia kulizungumza jambo ambalo wengi wamependelea kulifunika kawa. Maradhi ya korona yametulia na barakoa zimewekwa kando, lakini maneno yaliyorushwa kwa simu baina ya nyumba za Stanmore na nyumba za Dar es Salaam, Tanga na Unguja hayajasahauliwa. Waliokuwa huku waliwaambia jamaa zao kwamba hawajali. Waliokuwa kule wakajibu kwamba wa Ulaya wamepungukiwa na imani. Wapo ndugu ambao mpaka leo hawasalimiani ila Idi kwa Idi.

Tukumbushane kwanza yalivyokuwa. Tarehe 19 Machi 2020, hospitali ya Northwick Park, iliyo tegemeo la wakazi wa Harrow, ilitangaza dharura kwa kuwa vitanda vya wagonjwa mahututi havikutosha tena. Jumapili ya tarehe 22, Rais John Magufuli alizungumza kanisani Dodoma, akawahimiza wananchi wasiache kwenda makanisani na misikitini. Kesho yake, Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaamuru watu wa Uingereza wakae majumbani, na nyumba za ibada zikafungwa. Ukoo mmoja, basi, ukajikuta chini ya amri mbili zinazopingana.

Ni rahisi kusema kwamba hawa walikuwa waoga na wale mashujaa, au kwamba hawa walikuwa na akili na wale wajinga. Sisi hatuoni hivyo. Huku, aghalabu nyumba moja hukaliwa na babu, mzazi na mjukuu. Mjukuu aweza kurudi na maradhi bila hata kupiga chafya, na anayelazwa akawa babu. Isitoshe, miongoni mwa madaktari wa mwanzo kufariki katika hospitali za Uingereza, mnamo Machi 2020, walikuwamo Adil El Tayar, Habib Zaidi, Alfa Saadu na Amged El-Hawrani, wote Waislamu wenye asili ya ng'ambo. Msiba haukuwa habari ya mbali.

Kule nako, mama lishe na mchukuzi wa sokoni wakikaa ndani siku tatu, ya nne hawana unga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nchini Kenya, amri ya kutotoka usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020. Kabla ya mwezi kwisha, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao jijini Nairobi, wakati polisi wakiitekeleza amri hiyo. Amri iliyotolewa kwa nia ya kuokoa roho nayo yaweza kutoa roho.

Kwa hiyo mizani ya haki si kuuliza nani aliogopa zaidi. Swali ni hili: uamuzi wangu ukiwa na madhara, atakayeyabeba ni nani? Mtu aweza kumtegemea Mola wake kwa nafsi yake mwenyewe. Lakini maradhi ya kuambukiza hayamwachii mtu nafsi yake peke yake. Pumzi yake humfikia mwenzake, na mwili wa mwenzake ni amana. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba tauni ikiingia katika nchi, aliye nje asiingie, na aliye ndani asitoke. Tuizingatie sehemu ya pili. Aliye ndani, hata akijiona mzima, huzuiwa kutoka kwa ajili ya watu asiowajua. Hapo tawakali na tahadhari hazigombani.

Lakini hakuna awezaye kubeba wajibu akiwa gizani. Tanzania iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020, na kwa zaidi ya mwaka mmoja idadi yake katika hesabu za dunia ikabaki 509. Mwananchi angepimaje hatari asiyoonyeshwa? Mficha maradhi, mauti humuumbua. Ndiyo maana tunaukumbuka kwa heshima uwazi wa Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilitangaza kwamba ameambukizwa kabla ya kufariki kwake tarehe 17 Februari 2021. Tarehe 28 Julai mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya macho ya watu.

Uingereza nayo isijitakase. Hesabu zilisomwa kila siku, lakini waliotoa amri hawakuzifuata. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2021 palikuwa na tafrija katika ofisi za Downing Street. Kesho yake Malkia Elizabeth aliketi peke yake katika mazishi ya mumewe. Mwaka 2022 Johnson mwenyewe alitozwa faini kwa mkusanyiko mwingine. Kuficha hesabu na kuvunja sheria uliyoitunga mwenyewe ni makosa mawili yenye tunda moja: watu huacha kuamini.

Serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Jaji Heather Hallett, nayo ilianza kusikiliza ushahidi hadharani Juni 2023. Lakini hakuna tume itakayokuja kuuliza yaliyopita sebuleni mwetu. Hesabu hiyo ni yetu wenyewe.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwenye homa au kikohozi asihudhurie mkusanyiko wala asimzuru mzee, na wazee wetu wasikuhesabu kutokuja kwake kuwa ni dharau. Pili, tunapopiga simu nyumbani kuwahimiza jamaa wajikinge, tuwaulize kwanza watakula nini. Msaada utangulie mawaidha. Tatu, wale waliokatana kwa maneno ya mwaka ule wapigiane simu kabla ya mwezi kwisha, bila kungoja nani aanze. Wengi walizikwa bila kuagwa na ndugu zao. Waliobaki hai wasizikane kabla ya wakati.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia na awape afya wagonjwa wetu.

Wabillahi tawfiq.