Bwawa la kuogelea Isiolo, na mitungi ya Burat

Likizo ya shule iliyopita sikuwapeleka wanangu Diani wala Watamu. Tulipanda hadi Isiolo. Nyumbani walinicheka: mtoto wa pwani anaiacha bahari akaogelee kwenye bwawa la hoteli bara? Lakini nilitaka kuuona kwa macho mji ambao tumeambiwa utakuwa jiji la mapumziko.

Ndugu zangu wa Lamu hawahitaji kukumbushwa. Machi 2012, Rais Kibaki alipouzindua mradi wa LAPSSET kule Lamu pamoja na Salva Kiir na Meles Zenawi, mpango haukuwa bandari, reli na bomba la mafuta peke yake. Yalikuwamo majiji matatu ya mapumziko: Lamu, Isiolo na Turkana. La Isiolo lilipangiwa upande wa Kipsing. Uwanja wa ndege ulifunguliwa 2017, lakini jiji lenyewe bado liko kwenye makaratasi.

Hoteli tuliyofikia ilikuwa na bwawa safi, na watoto walijitosa kabla hata mabegi hayajafunguliwa. Mke wangu alisubiri jioni wageni wapungue. (Suala la mavazi ya stara kwenye mabwawa haya lina makala yake, siku nyingine inshallah.)

Siku ya pili mwenyeji wetu alitutembeza Burat, nje kidogo ya mji. Kuna mashamba kando ya mto, na ukiyaacha mashamba ni vumbi na mifugo. Tulimkuta mama mmoja na punda wake, mitungi minne ya lita 20 mgongoni. Binti yangu, kwa furaha zake, akamwambia tumetoka kuogelea hotelini. Yule mama akauliza, bila hasira yoyote: "Hayo maji mnaoga tu, hamnywi?" Binti akanitazama mimi. Sikuwa na jibu.

Usiku nikapiga hesabu. Bwawa la mita 20 kwa 10, kina cha wastani mita moja na nusu, linameza lita 300,000, yaani mitungi 15,000. Na si kwamba ukishajaza umemaliza. Kwa jua la kule, likishuka nusu sentimita tu kwa siku, lita 1,000 zimepaa hewani. Hiyo ni mitungi 50. Punda wa yule mama angekwenda safari zaidi ya kumi na mbili kila siku kulipa deni la jua peke yake, na hatujataja mabafu, shuka wala nyasi.

Jirani zetu wa Unguja wameshayaona haya. Utafiti wa shirika la Tourism Concern la Uingereza wa 2012 ulikuta kaya ya kawaida kwenye vijiji vya utalii ikitumia lita 93 hivi kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Na Unguja mvua inanyesha.

Isiolo inautazama mto Ewaso Ng'iro, ambao hupita kwanza kwenye mashamba makubwa ya juu ndipo uwafikie wafugaji, na wakati wa kiangazi hukauka huku chini. Pakapangwa bwawa kubwa pale Crocodile Jaws ili jiji hilo lipate maji. Wafugaji wakapinga, wakatembea na ngamia wao kando ya mto. Wako waliowaita maadui wa maendeleo. Mimi nawaelewa, ingawa sisi wa Mombasa si malaika: maji ya Mzima tunayavuta kwa bomba tangu miaka ya 1950, na Taita Taveta wanalalamika mpaka leo.

Siupingi utalii, nyumba ngapi za pwani zinakula kwa hoteli? Lakini Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Basi kabla kiwanja hakijagawiwa Kipsing, mwekezaji asimame barazani aseme atachota wapi, lita ngapi, na bomba la Burat litafika kabla ya hoteli au baada. Lamu watu hawakuulizwa mapema, ikabidi wavuvi waende Mahakama Kuu, ambayo 2018 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76.

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta kijana wa hoteli na mpira wa maji mkononi, anaongeza bwawa. Binti yangu akamuuliza ni mitungi mingapi. Akacheka, akasema hajawahi kuhesabu.