Vidonge vya kuondoa njaa: vilipimwa namna gani?

Kama mtu anagonga kwako na chupa ya vidonge, anasema ukimeza hamu ya bukari itaisha na kilo zitapunguka, usitoe feza kwanza. Umuulize jambo moja: vilipimwa juu ya nani, na namna gani?

Ninyi vijana mtasema: «Pasta, jirani yetu alimeza, akakonda.» Vema. Lakini ule jirani, siku alipoanza vidonge, aliacha pia bia na sukari, akaanza kwenda kazini kwa miguu. Ni nini ilimukondesha? Huwezi kujua, mpaka wengine wafanye vile vile bila dawa.

Habari ya hoodia inaonyesha jambo hili. Ni mmea wenye miiba wa jangwa la Kalahari, kule kusini mwa Afrika. Wawindaji Wasan waliutafuna tangu zamani kwa kutuliza njaa na kiu safarini. Wataalamu wa serikali ya Afrika Kusini wakaandikisha haki juu yake. (Wasan wenyewe walipata mapatano ya kugawiwa faida mwaka wa 2003 tu, nyuma ya kelele nyingi!) Kampani Pfizer, kisha Unilever, zikaweka feza ndani.

Basi wanawake 49 wanene wakapimwa kwa siku 15, wakikaa na kula mahali pamoja. Nusu walipewa maziwa ya mgando yenye hoodia, nusu yale yale bila hoodia, wala hakuna aliyeambiwa anakunywa ipi. Matokeo yalichapwa mwaka wa 2011: kula sawasawa, kilo sawasawa. Tena kwa wale wa hoodia tansio ilipanda, moyo ukapiga mbio, wengine wakatapika. Unilever ilikuwa imekwisha kuacha kazi ile tangu 2008.

Kuna hatari ingine, ya kujificha. Sibutramini ni dawa iliyopunguza hamu ya kula kweli, lakini iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka wa 2010, sababu ilizidisha magonjwa ya moyo na kupooza. Mara nyingi waangalizi wa dawa wa Marekani wameikuta ndani ya vidonge vinavyoitwa «majani tupu». Kwa hiyo, kama kidonge cha majani kinakukatia njaa kabisa, hapo ndipo pa kuogopa. Na wewe mama mwenye tansio, peleka chupa kwa munganga mbele ya kumeza hata kimoja.