Shairi Langu Halikuomba Kusasishwa



Mwezi uliopita nilialikwa nyumbani kwa marehemu mwalimu mwenzangu, ambaye tulifundisha naye shule moja kwa miaka 11. Ilikuwa siku ya kisomo cha kumkumbuka. Baada ya dua na chakula, binti yake wa mwisho alisimama kusoma shairi la maombolezo nililomtungia baba yake wiki aliyozikwa. Ni tarbia ya beti 9, mizani 16 kila mshororo, yenye kipokeo. Karatasi hakuwa nayo. Alifungua simu, akaingia kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni ninakohifadhi tungo zangu, akaanza.

Ubeti wa kwanza aliusoma vizuri kwa kuwa aliujua kwa ghibu. Wa pili akaanza kujikwaa. Alipumua mahali pasipo kituo, akaunganisha utao wa mshororo mmoja na ukwapi wa mshororo unaofuata, na kipokeo kikapita bila mtu yeyote kukitambua na kukipokea. Wazee waliokuwapo walinitazama kwa ule upole anaotazamwa nao mtunzi wa shairi guni. Nilimwomba mtoto simu. Shairi langu lilikuwa limegeuka insha. Mishororo minne imeviringwa kuwa aya moja, nafasi niliyoiacha baina ya vipande imemezwa, na herufi zimekuwa kubwa hata mstari mmoja wa skrini haukubeba zaidi ya maneno manne.

Sikuwa nimeligusa shairi hilo tangu siku nilipoliweka. Wenye programu ninayoitumia, ambayo sitaitaja, walikuwa wamebadilisha sura ya kurasa zetu zote, kisha wakanitumia ujumbe wa kunifurahia kwamba ukurasa wangu umesasishwa. Hawakuwa wameuliza, wala hapakuwa na kitufe cha kukataa.

Tulitazame kidogo neno hilo, maana wasomaji wa hapa hawachoki na maneno. Kusasisha ni kitenzi kilichochipuka kutoka sasa na kuvikwa umbo la kauli ya kutendesha: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Ni neno zuri, na aliyelibuni anastahili shukrani. Lakini kauli ya kutendesha ina kawaida ya kuwa na mtu anayetendeshwa. Shairi nililotunga mwaka 1987 ni la 1987. Hakuna aliyeuliza kama linataka kuwa la sasa.

Najua nitakachojibiwa, kwa kuwa nimeshajibiwa hivyo na mwanangu: mzee, dunia inakwenda. Nami nasema kwamba aliyefundisha kwa miaka zaidi ya 30 hawezi kuambiwa kuwa anaogopa mabadiliko. Nimebadilishiwa majedwali ya azimio la kazi na andalio la somo mara nyingi kuliko nilivyobadilisha miwani. Nimehama kutoka stensili kwenda kompyuta, na kutoka kompyuta kwenda simu hii inayonishinda vidole. Kila mara nilinung'unika, kila mara nilijifunza. Malalamiko yangu ya leo hayahusu kujifunza kifaa kipya. Yanahusu kazi iliyokwisha kamilika kuingiliwa na mkono usiojua ilivyojengwa.

Kwa mwandishi wa habari au wa insha, umbo la ukurasa ni vazi. Ukibadilisha upana wa safu, habari inabaki habari. Kwa ushairi wetu wa arudhi umbo la ukurasa ni sehemu ya maelekezo ya kusoma. Mshororo una ukwapi na utao, na ukawafi una kipande cha tatu. Nilipokuwa darasani nilichora mstari wa chaki wima katikati ya ubao, ukwapi nikauandika kushoto, utao kulia. Mwanafunzi wa dawati la nyuma, hata kabla hajasoma neno, alikwisha kuona kwamba pana safu mbili za vina zinazoshuka sambamba kama nguzo za baraza. Jicho liliandalia sikio mahali pa kupumzika.

Chukueni mshororo huu ninaoutunga hapa hapa kwa ajili ya mfano:

Chombo changu cha zamani, kimevikwa sura mpya

Hesabuni kwa vidole: nane, mkato, nane. (Neno mpya lina mizani mbili, m na pya. Wanafunzi wangu waliihesabu moja, kisha wakanilaumu kwamba mshororo umepungua.) Sasa ondoeni mkato, acheni nafasi pana mahali pake kama wengi wetu tunavyopenda kufanya ili safu zionekane, kisha mwekeni mshororo huo mtandaoni. Lugha inayojengea kurasa za intaneti, HTML, haitambui nafasi nyingi zinazofuatana. Hata uache nafasi kumi, msomaji ataonyeshwa moja, isipokuwa fundi ameagiza vinginevyo. Kushuka mstari nako ni hivyo hivyo: usipowekewa alama yake maalumu, huhesabiwa kuwa nafasi moja tu, na mshororo wa pili unapanda kukaa bega kwa bega na wa kwanza. Kisha skrini ya simu ikiwa nyembamba, mshororo wa mizani 16 hukatwa popote nafasi inapoishia, hata katikati ya ukwapi. Fundi anayebadilisha sura ya kurasa anaona haya kuwa mambo madogo ya upana na urefu. Ndiyo yaliyomkwaza yule binti mbele ya wageni wa baba yake.

Nisionekane ninadai kwamba umbo la shairi letu halijawahi kubadilishwa na vifaa. Limebadilishwa, tena vibaya sana kwa macho ya waliokuwapo. Katika miswada mingi ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti mzima wa utenzi uliandikwa kwenye mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama. Zilipokuja herufi za Kilatini na mitambo ya kuchapia, wahariri wakavipanga vipande hivyo kimoja chini ya kingine, na leo mwanafunzi wa kidato cha tatu angeapa kwamba utenzi ulizaliwa na mistari minne mifupi. Utenzi haukufa. Mizani 8 zilibaki, vina vitatu vya ndani na bahari ya mwisho vilibaki, kwa sababu makao yake ni masikioni.

Lakini angalieni jinsi mabadiliko hayo yalivyokwenda. Yalichukua miongo. Kwa muda mrefu herufi hizo mbili ziliishi pamoja, wako walioendelea kuandika kwa ile waliyoizoea, na hakuna mzee wa Lamu au wa Pemba aliyeamka asubuhi akakuta wino wa mswada wake umejipanga upya ndani ya sanduku. Waliotaka sura mpya walinakili. Mswada wenyewe ukabaki ulivyo. Kunipa kalamu nyingine ni jambo moja. Kuingia kabatini mwangu usiku na kuyapanga upya niliyokwisha kuyaandika ni jambo jingine kabisa.

Yaliyonipata si mageni duniani. Tukio linalojulikana zaidi ni la WordPress, programu ambayo mimi siitumii lakini waandishi wengi wanaitumia, iliyoanza mwaka 2003. Tarehe 6 Desemba 2018 lilitolewa toleo lake la 5.0, na pamoja nalo kihariri kipya kilichochukua nafasi ya kile cha zamani. Zamani mtu aliandika kwenye uwanja mmoja mpana, kama karatasi kwenye taipureta. Katika kihariri kipya kila aya ni tofali linalojitegemea, lenye vitufe vyake, na ukurasa hujengwa kwa kupanga tofali juu ya tofali. Mtunzi aliyezoea kushuka mstari kwa kitufe kimoja alijikuta kila mshororo umekuwa tofali peke yake. Nakiri kwamba waundaji hawakutusahau kabisa: waliweka tofali maalumu la ushairi, linalohifadhi nafasi na mistari kama mtunzi alivyoiacha. Shida ni kwamba ilimpasa mtu ajue kuwa lipo, naye alikuwa bado anatafuta mahali pa kuandika kichwa cha shairi.

Watumiaji walichachamaa. Kihariri hicho kilipokuwa kikijaribiwa kama nyongeza ya hiari, wastani wa alama zake kutoka kwa watumiaji ulikuwa chini ya nyota 3 kati ya 5, kiasi ambacho darasani kingemfanya mzazi aitwe shule. Mwezi Oktoba 2018 aliyekuwa akiongoza kikundi kilichoshughulikia mahitaji ya watumiaji wenye ulemavu alijiuzulu, na namna kazi ya kihariri kipya ilivyoendeshwa ilikuwa miongoni mwa sababu alizozieleza hadharani. Jambo hili linanigusa kuliko lile la washairi, kwa kuwa nimefundisha mwanafunzi asiyeona. Mtu anayesomewa skrini kwa sauti amejijengea ramani ya ukurasa kichwani kwa taabu kubwa. Ukihamisha vitufe umemhamishia nyumba.

Waundaji nao walikuwa na hoja, na ingekuwa dhuluma kuificha. Watu wengi walitaka kupanga picha na safu bila kujua lugha ya mitambo, na kampuni nyingine zilikuwa tayari zinawawezesha. Kihariri cha zamani kilikuwa kimechoka. Mimi mwenyewe, lau ningekuwa ninauza mitumba kwa picha, huenda ningeshangilia.

Kinachonishangaza ni jina walilokipa: Gutenberg, kwa heshima ya yule mchapaji wa Mainz. Biblia yake ya mistari 42, iliyokamilika karibu mwaka 1455, ilichapwa kwa herufi zilizochongwa kuiga mwandiko wa mkono wa wanakili wa siku zile. Herufi kubwa za mwanzo ziliachiwa nafasi wazi ili zichorwe kwa mkono na kalamu kama zamani. Mtu huyo alikuwa anageuza kazi yote ya vitabu chini kwa juu, lakini aliyefungua kitabu chake alikuta ukurasa anaoufahamu. Mapinduzi aliyaacha karakanani. Msomaji hakulazimishwa kujifunza upya kusoma ili mchapaji aonekane wa kisasa.

Pamoja na kelele zote hizo, WordPress waliacha mlango. Maandishi ya zamani yalibaki mazima ndani ya tofali moja la aina ya kale mpaka mwenyewe aamue kuyageuza. Ilitolewa pia nyongeza ya kurudisha kihariri cha awali, iliyoahidiwa kutunzwa hadi mwisho wa mwaka 2021, na ulipofika wakati huo ahadi ikaongezwa muda kwa kuwa watu hawakuiacha. Ilikwisha kuwekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5. Wengine walikwenda mbali zaidi. Kwa kuwa leseni ya programu hiyo inamruhusu yeyote kuichukua na kuiendeleza, walichukua toleo la kabla ya mageuzi wakalitunza kwa jina la ClassicPress. Hivyo aliyechukia alikuwa na pa kwenda.

Sisi tulio kwenye huduma za bure hatuna pa kwenda. Tu wapangaji. Mwenye nyumba akiamua jiko lihamie uani na ukumbi upakwe rangi ya zambarau, unachoweza kufanya ni kuhama, na vyombo vyako utavitoa kupitia dirisha. Niliandika barua mbili kuomba sura ya zamani irudishwe. Ya kwanza ilijibiwa na mashine, ya pili haikujibiwa.

Madai yangu kwao ni machache. Wakibadilisha wanachokimiliki, waache ninachokimiliki. Sura mpya ianze kwa maandishi mapya, na ya zamani yageuzwe kwa idhini ya mwenyewe baada ya kuonyeshwa yatakavyokuwa. Watoe notisi ya miezi, kama inavyompasa mwenye nyumba. Na kabla ya kuachia mabadiliko, wajaribu kurasa zao kwa shairi moja lenye pande mbili, hata kama hawajui Kiswahili. Macho yao yatawaambia kama nguzo zimeanguka.

Malenga wenzangu, nanyi msisubiri kujibiwa. Tengeni ukwapi na utao kwa mkato hata pale mnapoacha nafasi pana, kwa sababu nafasi humezwa njiani lakini mkato hufika. Wekeni nambari kwenye kila ubeti. Hifadhini nakala ya kila utungo katika faili la maandishi matupu yasiyo na pambo, na nyingine kwenye karatasi. Niliwafundisha watoto wa watu kufanya hivyo kwa miaka mingi, na sikufanya mwenyewe kwa tungo 64.

Hadi leo nimekwisha kurekebisha 23, nikizisoma kutoka kwenye daftari langu la zamani na kuhesabu mizani upya, maana zipo ambazo hata mimi sikukumbuka mshororo uliishia wapi. Lile la maombolezo nilianza nalo. Nililiandika kwa mkono kwenye karatasi ngumu, ukwapi kushoto, utao kulia, mstari wa wino katikati, nikampelekea binti wa marehemu. Aliniomba nimsikilize akilisoma, na safari hii kipokeo tulikipokea wawili, mimi na mama yake.