Wacheni Kucheka Watu wa Mwani

Wasee, kuna utani umenichosha. Ati mtu akisomea mwani wa ziwani amepoteza karo. "Unasomea ule uchafu wa kijani?" Halafu vicheko. Mimi niliacha chuo, so sina digrii ya kutetea hapa. Natetea maji unayokunywa.

Cheki Ghuba ya Winam. Mtambo wa Dunga unachota maji huko, yanatibiwa, yanaingia kwa mifereji ya Kisumu. Ghuba hiyo hiyo inapokea mbolea ya mashamba na maji taka, na hicho ndicho chakula cha sianobakteria, vijidudu vinavyogeuza maji yakawa kama rangi ya kijani. Vingine, kama Microcystis, vinaweza kutoa sumu inayoshambulia ini. Na usiniambie utachemsha. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kunaua vijidudu tu, navyo vikipasuka vinaimwaga yote majini.

Kwa macho huwezi kujua maji gani ya kijani yana sumu. Lazima mtu aweke tone chini ya hadubini, kisha maabara ipime.

Watu hao hao ndio wanajua ziwa limetoka wapi. Diatomu ni mwani wenye ganda la silika, kitu kile kile kinachotengeneza glasi. Ikifa, ganda linazama na kukaa kwa tope miaka mingi. Ukichimba tope, unasoma ziwa tabaka kwa tabaka. Zamani Victoria ilitawaliwa na diatomu inaitwa Aulacoseira. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imepungua sana, Nitzschia na sianobakteria zimeshika usukani. Ziwa lilibadilika, na bila wao tungebaki kukisia.

Gugumaji likifunga boti, kamera zinafika na wanasiasa wanafika, kwa sababu linaonekana. Sumu haionekani, kwa hivyo hakuna wa kupiga nayo picha.

"Lakini hiyo kozi haina kazi." Kazi iko, buda. Kinachokosekana ni mshahara, na hilo ni kosa la wanaogawa bajeti, si la aliyesoma. Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori: kaunti 5, ziwa moja. Kila moja iajiri hawa watu na itangaze majibu yao hadharani, vile tunatangaziwa mvua.

Muulize gavana wako leo: maji yetu yalipimwa sumu ya mwani lini mara ya mwisho, na majibu yako wapi?